Shule zituuzie nembo, sweta tutajifumia

Mhariri,

Binti yangu ameingia Gredi ya 10 Januari hii ya 2026, katika kundi la kwanza la sekondari ya juu chini ya mtaala mpya. Orodha ya mahitaji aliyopewa ilitaja duka moja tu la sare. Sweta huko ni shilingi 1,900. Hapa soko la Chepkube, mjini Bungoma, fundi alinifumia ya rangi ile ile, tena ya uzi mzito, kwa shilingi 1,000. Iliyokosekana ni nembo. Shule yenyewe iko upande wa Mlima Elgon, ambako asubuhi baridi hukata. Sweta si pambo.

Wizara ya Elimu imeshakataza wazazi kulazimishwa kununua katika duka fulani. Basi kwa nini orodha hizi bado zinatufikia?

Mdogo wa kiume wa binti yangu naye anahitaji sare: amerefuka ghafla, suruali ya mwaka jana imemwishia juu ya vifundo. Nilimkabidhi pesa zote za mahitaji yake ya shule azipange mwenyewe. Kwenye mitumba alipata viatu vyeusi vya ngozi, akavigeuzageuza, akaniuliza kwa sauti ya chini iwapo wenzake watajua vilishavaliwa. Sikumkemea, umri wake ni wa kuona haya. Alivilipia, kisha akaacha begi alilolitamani, akasema la zamani bado linashoneka.

Naomba walimu wakuu watuuzie nembo peke yake. Sindano tunazo.

Mzazi,
Kanduyi, Bungoma