Sakafu Mpya Haitaki Haraka

Kwa mtu aliyejenga kwa jasho lake, jambo gumu kuliko yote ni kungoja. Paa limekwisha ezekwa, milango imetiwa, kodi ya nyumba ya kupanga inakaribia kudaiwa tena, na watoto wanauliza kila siku watahamia lini. Ndipo baba na mama hukubaliana kutandika zulia la plastiki au mbao juu ya sakafu iliyomwagwa majuma mawili tu yaliyopita.

Mimi mwenyewe nilifanya hivyo. Sebuleni tuliweka vibao vya mninga, tukahamia kwa shangwe. Kabla masika hayajaisha, vibao vilikuwa vimevimba na kuinuka, na chumbani, chini ya zulia, gundi ilikuwa imegeuka uji wenye harufu ya uvundo. Ikatubidi tung'oe vyote. Fedha tulizokuwa tumeweka kwa karo ya watoto ndizo zilizotengeneza sakafu ile mara ya pili.

Kosa halikuwa la fundi. Yeye alitusihi tungoje, sisi tukaigonga sakafu kwa kisigino, tukaiona ngumu, tukasema imekauka. Kumbe kushika na kukauka ni mambo mawili mbalimbali. Saruji hushika kwa kunywa maji. Mfuko wa kilo 50 huhitaji takriban lita 12 tu ili saruji yake ishike, lakini fundi hutia lita 25 au hata zaidi ili mchanganyiko ulainike na kusawazishwa vizuri. Maji yaliyozidi hayana njia ila kupanda juu polepole na kutoka kwa mvuke. Ukiyafunika yangali humo, yataiharibu gundi na kuivimbisha mbao.

Basi yafaa kufuata utaratibu huu. Kwa siku 7 za kwanza, sakafu ifunikwe kwa nailoni au magunia yaliyoloweshwa, ili ishike barabara bila kupasuka. Baada ya hapo ifunuliwe, nawe uanze kuhesabu. Kanuni ya mafundi ni siku moja kwa kila milimita moja ya unene, mpaka milimita 50. Kila milimita inayozidi hapo huhitaji siku mbili. Kwa hiyo tabaka la milimita 50 litangoja siku 50, na la milimita 75 litangoja siku 100. Hesabu hiyo ni ya hali ya hewa nzuri. Katika miji ya pwani, wakati wa masika, hapana budi kuongeza.

Mchana wa jua fungua madirisha ya pande zote mbili upepo upite. Mvua ikinyesha yafunge. Usirundike mbao wala mifuko ya saruji juu ya sakafu hiyo. Tena usithubutu kuikausha kwa jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa. Moto hukausha uso tu na kuleta nyufa, na mkaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua watu usingizini.

Siku zikitimia, pima. Chukua kipande cha nailoni chenye upana wa mita moja kila upande, ukibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, ukiache usiku na mchana. Ukikuta matone chini yake, au sakafu imekuwa nyeusi mahali hapo, ngoja tena. Pasipo na dalili hiyo, mwenye kutandika mbao bado amtafute fundi mwenye kipimo cha unyevu. Kisizidi asilimia 75. Na kama chini ya zege hapakutandikwa nailoni wakati wa kujenga, unyevu wa ardhi utaendelea kupanda miaka yote. Hapo ni heri vigae kuliko mbao.

Je, familia ihamie lini? Kama kodi inawabana, hamieni baada ya sakafu kushika, mkaishi juu ya saruji tupu. Hilo si jambo la aibu. Pigeni deki kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, na mikeka ikunjwe kila asubuhi. Mbao na mazulia yatasubiri dukani, na karo ya watoto itabaki salama.