Halmashauri Nayo ni Yetu

Nianze kwa kukiri kosa langu. Miaka miwili iliyopita karatasi ilibandikwa kwenye kituo cha basi karibu na ninapoishi. Ilisema kwamba halmashauri ya mji inakusudia kuondoa ruzuku ya basi la alfajiri, na wakazi wamepewa wiki sita za kutoa maoni. Niliisoma yote, maana basi lilichelewa. Nikasema moyoni, "Haya ni mambo ya wenyewe," nikapanda basi langu nikaenda zangu maabara.

Basi lile likafutwa. Lilikuwa likianza safari saa kumi na moja alfajiri, na abiria wake mnawajua: wanaosafisha ofisi kabla wenye ofisi hawajaamka, wanaohudumia wazee, na wenzetu waliobeba boksi usiku kucha ndiyo wanarudi kulala. Mmoja wao ni mama wa kutoka Bukavu ambaye sote hapa tunamwita Mama tu. Siku hizi anatembea dakika hamsini gizani kwenda kazini. Aliponisimulia nikamwuliza, eti kwa nini hakutoa maoni wakati ule. Akanitazama, akasema, "Mutoto yangu, ile karatasi ilikuwa mu Kingereza. Weye mwenye ulisoma, uliandika?"

Jamani, sikuwa na la kusema.

Baadaye niliitafuta taarifa ya halmashauri iliyopitisha uamuzi ule. Ndani yake kulikuwa na sehemu nzima ya usawa: uamuzi huu utawaathirije wanawake, wazee, walemavu, watu wa rangi mbalimbali. Kwenye rangi waliandika kwamba hakuna athari iliyobainika. Nilikasirika, kisha nikaona namba ya waliotoa maoni, ilikuwa ndogo mno, nikajua hasira nyingine ni yangu mwenyewe. Sisi mafundi tunalijua jambo hili. Kipimo ambacho hakijaunganishwa kwenye waya husoma sifuri, na sifuri hiyo haina maana kwamba umeme haupo. Anayeshika waya kwa kuiamini atajuta. Halmashauri ilisoma sifuri kwa sababu haikwenda kuwauliza abiria wa alfajiri, na sisi tuliokuwa na kalamu hatukuandika.

Sasa wengi wetu tukisikia "mpango wa usawa wa halmashauri" tunacheka. Tunaona ni picha za watu wa rangi zote wakitabasamu kwenye vipeperushi, na sherehe ya ngoma mara moja kwa mwaka. Sikatai, mapambo yapo. Lakini chini ya mapambo kuna sheria. Stephen Lawrence, kijana mweusi, aliuawa London mwaka 1993. Wazazi wake walipigania haki mpaka ikaundwa tume, na ripoti yake ya 1999 ikaonyesha jinsi polisi walivyoshindwa kazi. Mwaka 2000 sheria ya mahusiano ya rangi ikarekebishwa, ofisi za umma zikapewa wajibu wa kuendeleza usawa badala ya kungoja malalamiko. Wajibu huo ukapanuliwa katika Sheria ya Usawa ya 2010. Leo halmashauri inapoamua jambo, iwe kufunga maktaba au kufuta basi, inatakiwa kwanza izingatie ipasavyo jinsi ya kuondoa ubaguzi, kuwapa watu nafasi sawa na kujenga uhusiano mwema kati yao. Isipofanya hivyo, inaweza kushitakiwa.

Wala si maneno ya vitabuni tu. Halmashauri ya Ealing, magharibi mwa London, iliwahi kutaka kubadili utaratibu wa fedha uliokuwa ukilisaidia shirika la Southall Black Sisters, ambalo tangu 1979 linawasaidia wanawake weusi na wa Kiasia wanaopigwa na kunyanyaswa majumbani. Hoja ya halmashauri ilionekana nzuri: huduma iwe moja kwa wanawake wote. Wanawake wale wakaenda Mahakama Kuu, na Julai 2008 halmashauri ikarudi nyuma. Fundisho lake ni kwamba usawa hauna maana ya kumpa kila mtu kiatu cha namba moja. Mwanamke asiyejua Kiingereza na anayeogopa kufukuzwa nchini hana shida ileile na jirani yake mzawa.

Na kwa sisi tunaotoka Afrika Mashariki kuna kisa kinachotuhusu zaidi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Mwezi uliofuata halmashauri ya jiji la Leicester ililipia tangazo katika gazeti la Uganda Argus, kule Kampala, kuwaambia watu hao wasije Leicester: nyumba zimejaa, shule zimejaa, huduma zimeelemewa. Fikiria, fedha za wakazi zinatumika kuwafungia watu mlango umbali wa maelfu ya maili! Walikuja vilevile. Wakafungua maduka, wakaingia vyama vya wafanyakazi, wakapiga kura, wakagombea udiwani. Sensa ya 2021 inaonyesha kwamba katika jiji lile hakuna kundi moja la rangi linalofika nusu ya wakazi. Ukienda leo Belgrave usishangae mzee wa Kigujarati akikuuliza kwa Kiswahili safi habari za nyumbani. Halmashauri iliyowakataa haikubadilika kwa huruma. Ilibadilika kwa sababu waliokataliwa waliingia ndani.

Basi tuingie vipi sisi wanafunzi? Niseme yale ninayoyajua kwa hakika.

Kwanza, kura. Nashangaa ni wangapi hawajui hili. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda (nchi yake iliingia Jumuiya ya Madola mwaka 2009) anayeishi hapa kihalali ana haki ya kujiandikisha na kupiga kura katika uchaguzi wa halmashauri, na hata wa bunge. Hiyo ni haki ya raia wa Jumuiya ya Madola, na viza ya mwanafunzi haiizuii. Mkongo, Mrundi au Mwomani akiwa England hana haki hiyo, na asijiandikishe, maana kutoa taarifa ya uongo ni kosa. Lakini Scotland tangu sheria ya 2020, na Wales tangu ile ya 2021, mgeni wa nchi yoyote anayeishi kihalali anaweza kupiga kura ya halmashauri. Wengine wanasema, "Mimi silipi kodi ya halmashauri kwa kuwa ni mwanafunzi." Kura haifungamani na kodi hiyo. Kumbuka pia kwamba England tangu Mei 2023 unaonyesha kitambulisho chenye picha kituoni. Pasipoti yako ya Tanzania au ya Kenya inakubalika.

Pili, maoni. Zile karatasi za vituoni na barua zinazotupwa mlangoni ndiyo kipimo chenyewe. Si lazima uwe raia wala mpiga kura ili ujibu. Andika nusu ukurasa: nani anatumia huduma hii, saa ngapi, ikiondolewa atafanyaje. Usiandike matusi, na usiandike insha ya ukoloni. Andika ulichokiona.

Tatu, diwani. Kila kata ina madiwani, na wengi wao hutenga muda wa kuonana na wakazi, mara nyingi maktaba au ukumbi wa mtaa. Huhitaji kumjua mtu, huhitaji "chai". Mikutano mingi ya halmashauri iko wazi kwa umma, na halmashauri nyingi hupokea maswali ya wakazi yaliyopelekwa mapema.

Nne, taarifa. Tangu Januari 2005 mtu yeyote, hata mgeni, anaweza kuiandikia ofisi ya umma kuomba kumbukumbu zake, nayo kwa kawaida inatakiwa kujibu ndani ya siku 20 za kazi. Uliza fedha zilikwenda wapi. Uliza tathmini ya usawa ilifanywa lini, kabla ya uamuzi au baada yake.

Je, inafanya kazi? Nitasema niliyoyaona. Mwaka jana ikaja habari ya taa za barabarani: zizimwe kuanzia saa sita usiku mpaka saa kumi na moja na nusu alfajiri, kupunguza bili ya umeme. Safari hii tulikaa jikoni kwangu, Mganda mmoja, Wakenya wawili, mimi na Mama. Tukasimama usiku mbili kwenye kona tukihesabu wapita njia. Mama akaeleza kwa Kiswahili chake, mmoja wetu akaandika kwa Kiingereza. Mimi nikaongeza ukurasa mmoja wa kifundi kwamba taa za LED si lazima zizimwe kabisa, zinaweza kupunguzwa mwanga na bado umeme ukaokolewa. Tukampelekea diwani, naye akatusomea swali letu mkutanoni. Taa nyingi zilizimwa kama walivyopanga. Lakini njia mbili, ukiwamo uchochoro anaopita Mama, zimeachwa na mwanga wa nusu. Basi halijarudi. Huo ndio ukweli, sitawapamba.

Najua jibu la wengi: "Sisi ni wapita njia tu, tunangoja shahada turudi nyumbani." Sawa, lakini Mama si mpita njia. Na hata sisi, kwetu huko tunalalamika kila siku kwamba wananchi hawaendi kwenye mikutano ya kijiji, au kwamba kaunti zinafanya ushirikishwaji wa umma wa kutimiza sheria tu, ingawa Katiba ya Kenya ya 2010 imeuandika wazi. Kama hapa, ambako njia ipo na hakuna anayekutisha, tunashindwa kuandika nusu ukurasa, tutakwenda kuwafundisha nini watu wa nyumbani? Uwajibikaji nao ni ufundi, unajifunza kwa mikono.

Kwa hiyo naomba chama chetu kifanye mambo mawili muhula huu. Siku ya kupokea wanafunzi wapya, pembeni ya meza ya sambusa na chapati, iwepo meza ya kujiandikisha kupiga kura, na mtu wa kuwaeleza wenzetu nani anaruhusiwa na nani haruhusiwi. Na kila karatasi ya maoni ikitoka, watu wawili watatu waitafsiri kwa Kiswahili, Kifaransa na Kilingala, waipeleke kanisani, msikitini na kwenye saluni, kisha wakusanye majibu. Kazi ya jioni moja.

Mimi nimeshajiandikisha kwenye zamu ya tafsiri, ya Kiswahili. Nafasi za wengine zipo. Karatasi ikibandikwa tena pale kituoni, nataka Mama asiwe na haja ya kuniuliza swali lile mara ya pili.

Naomba kuwasilisha.