Ukungu Uachwe Mahali Pake

Gemu za kutisha za miaka ya tisini zinafufuliwa moja baada ya nyingine, na kila inapotoka mpya, sifa ya kwanza kutajwa huwa ni picha: nywele zinahesabika, damu inang'aa, kuta zinatoa unyevu. Daftari la wiki hii linashikilia kwamba hiyo ndiyo sifa ndogo kuliko zote. Hofu ya michezo hii ilizaliwa na yale ambayo mchezaji hakuruhusiwa kuyaona, kuyajua wala kuyafanya. Anayeirudia kazi hiyo leo, akiwa na mashine iwezayo kuonyesha kila kitu, apimwe kwa yale anayokubali kuendelea kuyaficha.

Tuanze na ukungu wenyewe. Silent Hill ya mwaka 1999 ilitengenezewa PlayStation ya kwanza, ambayo haikuwa na nguvu ya kuchora mji mzima kwa pamoja, na Konami wakaufunika mji huo kwa ukungu na giza. Mchezaji akabaki na hatua chache za kuona mbele, pamoja na redio inayokwaruza zimwi linapokaribia, hivyo anajua kuna kitu bila kujua kiko upande gani. Miaka miwili baadaye ikaja Silent Hill 2 kwenye PlayStation 2. Mashine ilikuwa imekua, ukungu ukabaki, kwa sababu sasa ulimfaa James Sunderland, mume anayefika mjini akiwa na barua ya mke aliyekwisha kufa, na ambaye lipo jambo hataki kuliona. Mwaka 2012 mchezo huo ulitolewa tena kwa picha kali zaidi. Ukungu ukapungua, na mpaka wa maji ya ziwa ambao haukukusudiwa kuonekana ukaonekana waziwazi. Kwa kasoro hiyo moja mji uliogofya uligeuka jukwaa tupu. Bloober Team wa Poland, walioutengeneza upya mwaka 2024, walirudisha ukungu mzito kwa hiari, ingawa mashine za sasa zingeweza kuonyesha mtaa hadi mwisho. Walipokosea, kwa maoni yangu, ni kwenye wingi wa mapigano: adui unayepambana naye mara kwa mara unamzoea, na ukishamzoea humwogopi.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kuzipamba kasoro. Ukungu ulikuwa udhaifu wa mashine. Kamera zisizosogea za Resident Evil ya 1996 zilitokana na jumba lililochorwa kama picha tayari, kwa kuwa PlayStation isingeweza kulichora papo hapo. Milango iliyofunguka polepole ilificha muda wa kupakia chumba kinachofuata. Yote ni kweli. Ila chanzo cha kitu hakiamui matumizi yake. Mtengenezaji aliyelazimika kuiweka kamera kwenye kona ya dari ndiye aliyechagua kona ipi, na akachagua ile inayokusikilizisha miguu ya zombi inavyoburutwa kabla hujamwona. Shinji Mikami alipoiongoza kazi hiyo upya mwaka 2002 kwa ajili ya GameCube, aliudumisha mtindo huo wa kamera.

Alifanya pia jambo linalojibu pingamizi la pili, kwamba aliyecheza toleo la kale hawezi kushtuka tena. Katika ujia ambako mbwa walirukia dirishani mwaka 1996, safari hii unapopita mara ya kwanza kioo kinapata ufa tu. Mbwa wanakuja baadaye, ukiwa umeshapumua. Na zombi uliyemwangusha bila kumchoma moto au kumvunja kichwa huinuka tena, mwepesi na mkali zaidi, huku mafuta ya kumchomea yakiwa haba. Kwa hiyo chumba ulichokwisha kukisafisha kinarudi kuwa chumba usichokijua. Ujuzi wa mchezaji wa zamani umegeuzwa mtego wake mwenyewe, na hapo ndipo ufundi wa kufufua gemu ulipo.

Pingamizi zito zaidi ni la vijana: nani leo atavumilia mhusika anayegeuka kama kifaru cha kivita? Hapa nakubali, maana sehemu ya hofu ile ya zamani ilikuwa kero tu. Lakini Resident Evil 2 ya mwaka 2019 inaonyesha kwamba uhuru unaweza kutolewa kwa bei. Kamera inakaa begani na unalenga kwa urahisi. Hata hivyo shabaha inatulia pale tu unaposimama, huku zombi akizidi kusogea, na anaweza kukufuata hadi chumba cha pili. Jitu la koti refu, ambalo mwaka 1998 lilionekana katika mzunguko wa pili tu, sasa linazurura kituo cha polisi likifuata sauti, nawe unasikia mabuti yake juu ya dari. Kwa malipo ya kamera iliyofunguliwa, watengenezaji wakaondoa utulivu. Resident Evil 3 ya mwaka 2020 haikulipa bei hiyo. Nemesis, zimwi lililokuwa likikufuata mlango hadi mlango katika toleo la kale, hutokea zaidi katika matukio yaliyopangwa. Sehemu ya ndani ya mnara wa saa ikakatwa. Picha ni nzuri ajabu, na hofu ni ya kupita.

Kuna kazi moja ambayo wasomaji wa lugha hii wanapaswa kuifuatilia kwa karibu. Wanakijiji wa Resident Evil 4 wanapiga kelele kwa Kihispania ambacho wachezaji wengi hawakielewi, na kutoelewa huko ni ukungu wa masikioni. Resident Evil 5 ya mwaka 2009 ilifanya vilevile kwa Kiswahili, katika eneo la kubuni la Kijuju barani Afrika, na picha zake za kwanza za mwaka 2007, za mzungu akiwapiga risasi wanakijiji weusi, zilizua lawama za haki. Lugha iliwekwa pale iwe kelele ya kutisha kwa asiyeijua. Mchezaji wa Tanga au Mombasa anawaelewa wanakijiji hao tangu neno la kwanza. Ikiwa siku moja Capcom, kampuni ya Resident Evil, watautengeneza upya mchezo huo, watalazimika kuamua wanakijiji hao wanasema nini hasa, kwa Kiswahili cha nani, na wamfiche nini mtu anayewasikia.