Mbwa Akichechemea, Usikimbilie Tembe za Mama

Msomaji wetu mmoja wa Bulapesa, Isiolo, ana mbwa wa miaka tisa anayelinda boma usiku. Asubuhi mbwa huyo huinuka kwa shida na kutembea kama aliyefungwa kamba miguuni. Jua likipanda, hulegea akaenda vizuri. Watoto wamekuwa wakimpa nusu ya tembe ambazo mama yao humeza kwa sababu ya mgongo. Je, wanafanya vyema?

La. Tembe hizo zikome leo. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, ambazo sisi hununua dukani bila kufikiri mara mbili, humtoboa mbwa vidonda tumboni na kumharibu figo. Parasetamoli nayo yaweza kumdhuru ini na damu. Ukiona anatapika, au kinyesi chake ni cheusi kama lami, usingoje kesho. Daktari wa mifugo anazo dawa za mbwa, kwa mfano meloksikamu, naye hupima kiasi kwa uzito wa mnyama. Mweleze bila kuficha ulichokwisha kumpa, maana dawa hizi zikikutana tumboni ni hatari zaidi.

Huenda mbwa huyo ana yabisi ya viungo. Gegedu, ule utelezi mgumu unaofunika ncha za mifupa, umelika, na kiungo kinavimba na kuuma. Haiponi kabisa, lakini hutulizwa. Mbwa wa jamii ya Kijerumani hupata mapema zaidi, kwa kuwa wengi huwa na nyonga zisizokaa sawasawa.

Lakini uzee husingiziwa mengi. Isiolo ni mji wa mifugo, na penye wanyama wengi kupe hawakosi. Kupe wa kahawia wa mbwa, anayejificha hata katika nyufa za banda, huleta ugonjwa ambao zamani uliitwa maradhi ya Nairobi ya kuvuja damu. Mbwa hupata homa, hukataa chakula, pengine hutokwa damu puani, na viungo kadhaa huvimba kwa pamoja. Huo una dawa yake, na kipimo cha damu huufichua. Si haki mnyama afe eti amezeeka.

Akithibitishwa kuwa ni yabisi, anza na sahani yake. Mwaka 2002 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya mbwa 48 aina ya Labrador waliofuatwa maisha yao yote. Nusu walipewa chakula pungufu kwa robo kuliko ndugu zao. Nusu ya hao waliopunguziwa waliishi kupita miaka 13. Wale wengine, miaka 11 na ushei. Yabisi nayo iliwachelewa. Papasa mbavu za mbwa wako: kama huzisikii chini ya vidole, ugali umezidi. (Mbwa anayefungwa mnyororo mchana kutwa hunenepa upesi, na mnyororo wenyewe hukaza viungo.)

Mtembeze kidogo asubuhi na jioni, mchangani kuliko kwenye lami. Kata kucha zilizorefuka. Asilale juu ya saruji. Gunia lililojazwa nyasi kavu latosha, hasa Juni na Julai usiku unapopoa.

Na ukienda kwa daktari, beba pakiti ya zile tembe.