Tuache Kuusingizia Uzee

Hapa Kinna, mzee asiposikia tena harufu ya buna, yaani kahawa, ikikaangwa kwenye samli, jibu huwa tayari: ni uzee. Mama asipotambua maziwa yaliyoharibika, tunasema mafua. Mkono ukianza kutetemeka, tunarudia: uzee. Mazoea haya yanawaumiza wazee wetu, na ni lazima tuyapinge.

Ni kweli umri huipunguzia pua nguvu, na mafua na Korona huweza kuondoa harufu. Wengi wa waliopoteza harufu hawana ugonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu mwendo. Lakini wagonjwa wengi wa Parkinson, wakipimwa, hukutwa na pua dhaifu, na mara nyingi udhaifu huo ulitangulia mtetemo kwa miaka. Wengine hata hawajui kuwa pua zao zimedhoofika.

Mwaka 2003, Heiko Braak wa Ujerumani na wenzake walionyesha kuwa ugonjwa huu hugusa mapema sehemu ya ubongo inayopokea harufu. Baadaye ndipo hufikia seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayosaidia kuongoza mwendo. Mkono unapotetemeka, sehemu kubwa ya seli hizo imeshakufa. Na wapo wagonjwa wasiotetemeka kabisa.

Asiniambie mtu kwamba huu ni ugonjwa wa Wazungu. Wilayani Hai, Tanzania, watafiti walipowatafuta wagonjwa vijijini waliwapata, na wengi wao hawakuwa wamewahi kuambiwa wanaumwa nini.

Wapo watakaouliza: kujua mapema kuna faida gani, ikiwa ugonjwa hauponi? Faida ipo. Dawa ya levodopa haiponyi, lakini huweza kumrudishia mgonjwa mwendo wake. Mazoezi humsaidia. Tena zipo dawa za kuzuia kutapika, kama metoklopramaidi, zinazoweza kumzidishia ukakamavu wa misuli. Daktari asiyejua hali yake atamwandikia tu.

Kwa hiyo wahudumu wa afya wa Kinna na Garbatulla wamuulize kila mzee: unasikia harufu? Unafunga choo? Usiku unapiga mateke na kupiga kelele ndotoni? Hatua zako zimekuwa fupi? Dalili hizi za Parkinson zikiandamana, apelekwe kwa daktari. Nayo serikali ya kaunti ya Isiolo ihakikishe levodopa inapatikana hospitalini. Dawa hiyo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Mzee wa Kinna ana haki nayo sawa na mzee wa Nairobi.