Shingo ya mwenzako mazoezini ni amana

Kuna sauti ambayo, ijapokuwa imepita miaka mingi, haijanitoka masikioni. Ni sauti ya kiganja kikigonga mkeka mara mbili, kisha kikanyamaza. Nilikuwa mwanafunzi wa bweni, na katika mazoezi ya judo nilikuwa nimemtia kabali mwenzangu aliyelala kitanda cha juu yangu. Aligonga, nami nilimsikia barabara. Sikumwachilia, kwa kuwa mkufunzi wetu alikuwa ametwambia jioni ile ile kwamba mwanamume hagongi mkeka, na kwamba anayegonga upesi huongezewa kidogo ili azoee. Kabla sijahesabu tano, mwili wake ulilegea mikononi mwangu kama nguo mbichi.

Alizinduka punde, akauliza kama kengele ya chakula imekwisha kulia. Tulicheka sote, mkufunzi akitushinda kwa kicheko. Usiku huo sikupata lepe la usingizi, wala yeye hakupata, maana kitanda kililia hadi alfajiri kila alipojigeuza.

Kisa hiki hunirudia kila niwasikiapo walimu wakuu wakisifu vyama vya judo, karate na taekwondo shuleni mwao kwa kuwa, wasemavyo, vinaleta nidhamu. Sina ugomvi na michezo hiyo. Judo niliipenda na ningali naipenda. Swali langu ni nidhamu ya nani. Ya yule anayekabwa akavumilia, au ya yule anayekaba akaachilia?

Tuelewane kwanza kuhusu kabali yenyewe. Watu wengi hudhani kwamba anayekabwa huzirai kwa kukosa pumzi. La. Kabali iliyotiwa sawasawa hubana mishipa ya damu iliyo pande mbili za shingo, na ubongo ukipungukiwa na damu mtu huweza kupoteza fahamu katika muda wa sekunde kumi hivi, au chini yake. Ndiyo maana mgongo wa mkeka si ombi la huruma wala si kukiri ushinde. Ni sehemu ya ufundi wenyewe, kama breki ilivyo sehemu ya gari. Fauka ya hayo, anayekabwa huenda asiweze kutoa sauti. Kiganja ndicho kinywa chake.

Mwasisi wa judo, Kano Jigoro, alilijua hilo, naye alikuwa mwalimu kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Alianzisha shule yake ya Kodokan mjini Tokyo mwaka 1882, na baadaye akaongoza chuo cha walimu cha mji huo kwa zaidi ya miaka 20. Moja kati ya nguzo mbili za mafundisho yake ni kwamba mtu hustawi pamoja na mwenzake. Katika mazoezi ya Wajapani yuko anayetupa na yuko anayepokea. Sisi tulilijua neno moja tu: mpinzani.

Lakini hata huko kwao judo, mafundisho ya mwasisi hayakutosha kuwalinda watoto. Mtafiti Ryo Uchida wa Chuo Kikuu cha Nagoya alipokusanya kumbukumbu za ajali, aliona kwamba zaidi ya wanafunzi 100 walikuwa wamefariki katika judo ya shuleni tangu mwaka 1983. Wengi wao hawakuuawa na kabali. Waliumia kichwa kwa kutupwa, na ngwara ya nyuma, ile ya kumfagia mtu mguu huku ukimsukuma aanguke chali, ndiyo iliyotajwa sana. Wengi walikuwa wanafunzi wapya, ambao hawajajua kuanguka huku kidevu kimebanwa kifuani na mkono ukiupiga mkeka. Habari hizo zilipoenea na tahadhari ikaongezwa, vifo vilipungua.

Linganisha na Ufaransa, ambako wanajudo waliosajiliwa ni wengi kuliko wa Japani, na sehemu kubwa yao ni watoto. Huko sheria ya mwaka 1955 iliweka sharti kwamba anayefundisha judo awe na stashahada inayotambuliwa na serikali. Mkanda mweusi pekee hautoshi. Kwetu, aghalabu mkanda ndio cheti, na pengine hata huo mkanda hakuna aulizaye ulitoka wapi.

Najua nitajibiwa kwamba huu ni ulegevu, na kwamba vijana wa leo wamedekezwa vya kutosha. Anayesema hivyo hajawahi kufanya mazoezi na mtu mwenye hofu. Asiyekuamini hukakamaa, hukushika vazi kwa nguvu zote, na ukimtupa hunyosha mkono ajizuie, akavunjika kifundo. Hujifunzi lolote kwake, naye hajifunzi lolote kwako. Anayejua kwamba utamwachilia atakupa shingo yake mara hamsini kwa jioni moja, na katika mara hizo hamsini ndimo ufundi unamozaliwa.

Kwa hiyo, mwalimu mwenzangu, kabla ya kutia saini barua ya kumwalika mkufunzi, nenda ukakae ukumbini anakofundisha. Usitazame mateke wala mikanda. Tazama wanafunzi wapya wamefundishwa kuanguka kwa majuma mangapi kabla ya kutupwa. Kisha usikilize viganja, na uhesabu muda unaopita kati ya mgongo wa pili na mkono kulegezwa.

Nawe mwanafunzi, ukiambiwa uendelee kukaba ilhali mwenzako amekwisha kugonga, achilia, hata kama anayekuamuru ni mtu mzima. Mimi sikuthubutu. Mwenzangu hakukanyaga mkeka tena. Muhula uliofuata alihamia voliboli, na akaomba kubadilishiwa kitanda.