Nani Atavuta Moshi wa Roketi?

Vijiwe vya hapa Bukoba mjini havikosi nshomile, na wiki hii wamehama kwenye mpira, wamepanda roketi. Tena siyo roketi za kawaida, za nyuklia! Mmoja anasema injini hizo zikajaribiwe huko huko angani, mbali na watu. Mwingine, mtu wa Muleba, akamjia juu: "Wewe bwana, unaanzaje safari ndefu na kitu hujakijaribu nyumbani?"

Mimi niko upande wa huyu wa Muleba, ila nina sharti langu moja.

Injini ya nyuklia haichomi mafuta. Ndani yake kuna kinu cha urani kinachotoa joto kali. Haidrojeni iliyogeuzwa kimiminika, baridi ya nyuzi 253 chini ya sifuri, inapitishwa humo, inapashwa hadi zaidi ya nyuzi 2,000, kisha inafyatuka nyuma kwa kasi ya ajabu. Kwa uzito uleule, inasukuma karibu mara mbili ya roketi za kawaida. Bomba, au siyo? Soo ni kwamba hiyo gesi imepita katikati ya urani. Ikitoka na mabaki yake, ndiyo moshi ninaouogopa.

Wamarekani walianza majaribio 1959 katika jangwa la Nevada, pahala panapoitwa Jackass Flats. Injini ilifungwa chini, mdomo ukitazama juu, mafundi wakiiendesha kutoka mbali. Moshi? Ulipandishwa hewani hivi hivi. Novemba 1962 injini moja ya Kiwi ikatikisika hadi ikatema vipande vya kinu chake. Wakarudia bila kuwasha urani, wakagundua kumbe mtikisiko unaletwa na haidrojeni inavyopita. Juni 1965 kasheshe nyingine: Phoebus iliishiwa haidrojeni ikiwa bado ya moto, kinu kikaharibika, watu wakabaki na kazi ya kusafisha. Sasa hayo yangetokea angani, nani angekwenda kuokota vipande ajue ugonjwa?

Dawa ya moshi ilijaribiwa 1972. Wale mnaojua gongo inavyopikwa (msinitazame mimi!) mtaelewa haraka: mvuke unapita kwenye bomba, unapoozwa kwa maji. Jamaa nao waliupooza moshi wa kinu kwa maji, wakaukausha, halafu wakaupitisha kwenye mkaa uliopoozwa mno ili unase gesi zenye mionzi. Ndipo haidrojeni ikaachiwa. Januari 1973 mradi mzima ukafungwa. Miaka mingi baadaye NASA na jeshi la Marekani wakaja na DRACO, nayo ikafutwa 2025.

Kwa hiyo sharti langu ni hili: jaribuni nchi kavu, lakini moshi uoshwe, na jirani aambiwe kabla, siyo baada. Chukulia mtambo kama huo uko ufukweni Muleba. Mchana upepo wa ziwa unavuma kuja nchi kavu. Moshi wote unaishia kwenye migomba, kwenye kahawa, na kwa senene wetu! Atakayekula siyo fundi, ni bibi yako.

Sisi wa Kagera hatuhitaji kufundishwa bei ya safari isiyopimwa. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza ikiwa imezidisha abiria, na mamia ya ndugu zetu hawakurudi. Iwe meli, iwe roketi, kupima kwanza ni kumheshimu abiria. Na kuosha moshi ni kumheshimu yule ambaye hata tiketi hakukata.

Anayetaka kwenda Mars aende, nauli ni yake. Mapafu ni yetu. Wiki ijayo tunarudi kwenye mambo ya mapenzi, nako moshi haukosekani. Kwaherini!